Arlene na Ndege ya Karatasi

Arlene Rudnik alipozikwa, Februari ile ambayo ardhi iliganda hadi mashine ya kuchimbia kaburi ikagoma mara mbili, gazeti la Milwaukee lilimpa mistari mitatu. Wa kwanza ulitaja parokia yake, wa pili watoto aliowaacha, wa tatu ukasema alikuwa karani wa tiketi kwa miaka thelathini na moja. Mwenyezi Mungu, ambaye halipishi kwa mstari, bila shaka ameandika zaidi.

Alizaliwa mitaa ya kusini, ambako kila kona ina kanisa na kila kanisa lina baa inayolitazama usoni. Aliolewa na Norbert, fundi wa kiwanda cha matrekta, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea nyuma ya bahasha. Ijumaa walikula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia. Jumapili baada ya misa walipanga foleni kwa mwoka mikate, wakachukua paja la nguruwe la moto na mikate midogo ya mviringo kama majirani wote, wakala bila kuvua nguo za kanisani. Norbert alipofariki, Arlene alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne alirudi ofisini, kwa sababu, alisema, watu walikuwa bado wanataka kwenda Orlando.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, juu ya duka la mazulia. Kwa zaidi ya miaka ishirini Arlene alifanya kazi na mashine ya zamani, skrini nyeusi yenye herufi za kijani. Haikuwa na sura ya kumpendeza mtu, lakini ukiiuliza swali ilijibu. Ukiitaka tarehe, ilikupa tarehe. Ukiitaka saa, ilikupa saa na dakika zake. Arlene aliiandikia amri bila kutazama vidole, huku akimwuliza mteja goti lake linaendeleaje.

Kisha bosi, Gordon Felske, akaenda kwenye mkutano Chicago na kurudi amepata mwanga. Alikusanya wafanyakazi wake watano akawaambia kwamba mashine ya zamani inawachosha. Walikuwa hawajui kama wamechoka, lakini walishukuru. Ndipo akaletwa Brennan Oyler, mbunifu wa skrini, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye viatu vyeupe ambavyo ni dhahiri havijawahi kukutana na theluji ya Machi. Alikuwa na adabu na shahada mbili, na baada ya miezi saba alitoa dashibodi, yaani skrini mpya ya kufanyia kazi.

Ilikuwa nyeupe kama kitambaa cha altare na ilikuwa na vitu vichache kuliko altare. Asubuhi ilimpokea Arlene kwa picha ya ufuo wa bahari na maneno: "Habari, Arlene! Leo tunaipeleka dunia wapi?" Arlene, ambaye leo alikuwa anaipeleka familia moja Fort Wayne, hakujua ajibu nini. Upande wa kulia palikuwa na grafu ya duara iliyoonyesha kwa rangi nne jinsi wiki inavyokwenda. Haikusema inakwenda wapi. Maneno yalikuwa yameondolewa karibu yote, kwa sababu utafiti ulionyesha kwamba watu hawapendi kusoma. Mahali pa maneno paliwekwa vipicha: kitanda, gari, mwavuli, na ndege, ndege nyingi. Palikuwa na ndege inayopaa, ndege inayotua, ndege ndani ya duara, na mwishoni kabisa kindege kidogo cha karatasi, kama kile watoto wanachokunja darasani.

Tarehe nazo zilifanyiwa hisani. Badala ya kusema tiketi hii mwisho wake ni siku fulani saa fulani, dashibodi ilisema kirafiki, "Bado siku 5", "Bado siku 3". Brennan aliwaeleza kwamba tarehe inamtia mtu wasiwasi, lakini siku zilizobaki zinampa matumaini. Arlene alimsikiliza kwa makini, akamwuliza kama amewahi kukosa ndege. Brennan akasema hapana. Arlene akasema alidhani hivyo.

Basi yakatokea mambo ya hija.

Parokia ilikuwa imepanga kwa miaka miwili kupeleka watu ishirini na wawili Poland mwezi wa Mei, wazee pamoja na Padre Adamek wa kuwaongoza. Arlene alikuwa amewashikia viti kwenye ndege inayotoka Chicago moja kwa moja hadi Kraków bila kushuka njiani. Hilo la kutoshuka njiani halikuwa anasa. Mmoja wa wazee hao alikuwa Stella Zielak, mwenye miaka themanini na minne na miguu iliyokwisha kustaafu kabla yake. Huko Kraków alikuwa na dada, mtawa, Sista Benigna, ambaye hawakuonana kwa miaka arobaini na mmoja. Barua ya watawa wenzake ilikuwa imekuja wakati wa Kwaresima: Sista haamki tena kitandani, na kama dada yake ana nia ya kuja, asingoje kiangazi. Stella hakuweza kuburutwa kutoka ndege moja hadi nyingine katika viwanja vya ugenini. Ni ndege hiyo, au asiende kabisa. Alikwisha kumwambia Arlene hivyo, na baada ya hapo akampigia simu kila siku saa nne asubuhi kuuliza kama ndege bado ipo.

Shirika la ndege lilikuwa na sharti moja. Majina ya abiria wote yawafikie kabla ya siku na saa waliyoiweka. Kiti kisicho na jina saa hiyo kinarudi sokoni. Arlene aliyajua masharti ya namna hiyo kama alivyoijua Salamu Maria. Jumatatu aliandika majina yote ishirini na mawili kwenye dashibodi, moja baada ya jingine, majina ambayo konsonanti zake zingetosha vijiji viwili. Alipomaliza, ikatokea alama kubwa ya kijani ya kukubali, na vipande vya karatasi za rangi vikamwagika kwenye skrini kama harusini. Juu pakaandikwa, "Bado siku 5". Arlene akaona imekwisha, akaenda kula.

Ijumaa Brennan alikuja kumwangalia. Ilikuwa ndiyo desturi ya kazi yao: mbunifu huketi nyuma ya mtumiaji na daftari, akatazama anavyohangaika, akaandika. Asiseme neno wala kunyoosha kidole, kwa sababu msaada unaharibu ukweli. Alimweleza Arlene haya kwa upole, akamwomba afanye kama hayupo. Arlene alimwambia asiwe na wasiwasi, aliishi na Norbert miaka thelathini.

Mchana ulipita hivyo, Arlene akifanya kazi na Brennan akiandika. Saa kumi na robo jioni Stella alipiga simu, safari hii si kuulizia ndege bali choo. Alitaka kiti cha pembeni, karibu na choo lakini si karibu sana, kwa sababu ana miguu mibovu lakini ana pua pia.

"Nitakuulizia sasa hivi, mama," Arlene alisema. "Ukae karibu na simu."

"Mimi niende wapi, mwanangu? Nakaa karibu na simu tangu Pasaka."

Arlene akalipigia shirika la ndege. Mwanamume wa zamu alitafuta lile kundi, akasema hana kiti cha kumpa Bi Zielak kwa sababu hana Bi Zielak. Alichokuwa nacho ni viti ishirini na viwili visivyo na jina hata moja, na muda wake unaisha leo, saa kumi na moja kamili.

Arlene alitazama skrini. Alama ya kijani ilikuwa mahali pake, imetulia. Juu yake paliandikwa, "Bado siku 1".

"Hapa naambiwa bado siku moja," alisema.

Yule mwanamume alimjibu kwamba hajui anaambiwa na nani, lakini yeye anaona dakika arobaini. Akamshauri atume majina kwa mtandao, ni haraka kuliko kuyataja. Nyuma ya Arlene, Brennan alitikisa kichwa kukubali, tena kwa fahari kidogo, maana hiyo ndiyo sehemu aliyoisifu zaidi siku ya uzinduzi. Arlene aliona kichwa hicho kwenye kioo cha dirisha. Ndicho kilichomfanya aikate simu, na alijuta mara tu mkono ulipoiachia.

Alianza kutafuta mahali pa kutuma. Alibonyeza alama ya kijani, ikamtolea zile karatasi za harusi tena. Alibonyeza ndege inayopaa, ikamwonyesha hali ya hewa ya Denver. Alibonyeza mwavuli, akauziwa bima. Nyuma yake kalamu ilikuwa inakwaruza daftari kwa bidii. Saa ikafika kumi na dakika ishirini na sita.

"Kijana," alisema bila kugeuka, "mahali pa kutuma ni wapi?"

Kalamu ikasimama. Brennan alisema kwa sauti ya chini kwamba samahani, kanuni haimruhusu.

Arlene akageuka na kiti chake. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba hakupandisha sauti, na ndiyo maana waliogopa.

"Mwanangu, kuna mama mmoja ana miaka themanini na minne, na dada yake anakufa. Hiyo kanuni yako inamjua?"

Brennan aliweka daftari chini. Kwa haki yake, isemwe kwamba hakuchukua muda mrefu. Aliusogeza mkono juu ya kipanya cha Arlene na kumwonyesha kile kindege cha karatasi mwishoni mwa safu ya ndege. Hicho, alisema, ndicho kutuma. Kila mtu anajua kwamba kindege cha karatasi maana yake ni kutuma.

Arlene alitazama ndege ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha hicho kidogo. "Katika ofisi ya tiketi za ndege," alisema, "mmeficha barua ndani ya ndege."

Brennan alikuwa amekwisha kukibonyeza, na hakikubonyezeka. Kilikuwa cha kijivu. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu asiyekuwa na shahada hata moja. Ikachukua dakika mbili kugundua kwamba kundi halitumwi mpaka liwe na picha ya jalada. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka hilo sharti, alikiri, ili dashibodi isionekane tupu. Akachukua picha ya kwanza aliyoipata, viatu vyake vyeupe ufuoni mwa ziwa, akaipandisha. Kindege kikawa buluu. Akakibonyeza. Karatasi za harusi zikamwagika kwa mara ya tatu, na chini yake maneno: "Safi sana! Majina yataondoka na mzigo wa leo, saa sita usiku."

"Na alama ya kijani ya Jumatatu?" Arlene aliuliza.

Alama ile, Brennan alisema, ilimaanisha yamehifadhiwa.

"Yamehifadhiwa wapi?"

"Hapa kwetu."

Na "Bado siku 1"? Alieleza kwamba hesabu inapandishwa hadi siku kamili, kwa sababu katika majaribio watu walivunjika moyo wakiona sifuri. Arlene alikuwa amekwisha kuinua simu. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na moja.

Shirika lilimpa muziki. Kila baada ya muda sauti ya mwanamke ilikatiza kusema kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikarudisha filimbi. Arlene alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inacheza. Brennan alidhani anahesabu. Hakuwa anahesabu. Saa kumi na dakika thelathini na nane akapokea mwanamke wa zamu, mzito wa usingizi wa Ijumaa, akasema anaweza kuyaingiza majina kwa mkono, moja moja, lakini saa kumi na moja mlango unajifunga wenyewe na yeye hana ufunguo.

Majina ishirini na mawili, dakika ishirini na mbili. Brennan aliyatoa kwenye mashine ya kuchapa, yamepangwa kwa alfabeti, akaanza kusoma kutoka juu. Arlene akamnyang'anya karatasi, akaigeuza upande wake, akashusha kidole mpaka mstari wa chini kabisa.

"Zielak," aliiambia simu. "Zeta, i, e, ele, a, ka. Stella. Kiti cha pembeni, karibu na choo lakini si sana."

Wakaanza kupanda kutoka chini. Wawrzyniak alichukua dakika nzima na nusu peke yake. Kufika Szymborek, Brennan alikuwa amepiga magoti kando ya meza akishika saa ya mkononi na kunong'ona zimebaki dakika ngapi, si siku. Gordon alitoka ofisini kwake kuuliza kama kila kitu ni shwari, akazuiwa kwa mkono na Brennan, kijana aliyemleta yeye mwenyewe, akarudi alikotoka na kufunga mlango. Herufi zilitajwa kama litania, na yule mwanamke wa simu akawa ameamka, akaanza kuzirudia kabla hazijaisha. Wakapita Rogala, wakapita ndugu wawili wa Nowicki, wakapita Mazurek, Kubiak, Jarosz. Bartosik alipoingia, saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na tisa na sekunde kadhaa.

"Adamek," Arlene alisema. "A, de, a, em—"

"Imefunga," akasema yule mwanamke. Akaongeza kwamba anasikitika, na ilisikika kwamba ni kweli.

Arlene alimshukuru kwa jina lake, akamtakia Jumapili njema, akaweka simu. Watu ishirini na mmoja walikuwa na viti. Yule wa ishirini na mbili, aliyekuwa wa kwanza kwenye karatasi, alikuwa padre.

Brennan alikaa sakafuni. Baada ya muda aliuliza kama Bi Arlene alipoigeuza karatasi alijua nani yuko juu.

"Miaka sitini na mbili niko parokia hii. Najua nani yuko A."

"Kwa hiyo umemwacha padre makusudi."

"Sikumwacha. Nimempanga mwisho," alisema Arlene. "Padre ana miguu mizima, na ana Bikira Maria wa kumsaidia kubadilisha ndege Frankfurt. Stella ana dada mmoja."

Kisha akampigia padre. Alimwuliza kwanza kama ameketi, na padre alipomwambia ameketi, akamwambia yote bila kulaumu dashibodi, bila kumtaja Brennan, wala kujitetea. Padre akauliza Frankfurt atangoja muda gani. Saa tisa, alisema Arlene. Padre akasema alikuwa amewaahidi waumini kwamba hija itakuwa na sehemu ya toba, ila hakutegemea kuanza yeye.

Jumatatu iliyofuata Brennan alikuja bila daftari. Aliketi mbele ya Arlene, si nyuma yake, akamwomba amfundishe. Arlene hakuwa na maneno ya kitaalamu. Alimwambia kwamba mtu akishaona alama ya kukubali anakwenda kula, kwa hiyo isionekane mpaka jambo limekubaliwa na yule anayetakiwa kulikubali. Alimwambia kwamba wasiwasi si ugonjwa, mtu mwenye ndege saa kumi na moja anahitaji kuwa na wasiwasi saa kumi. Alimwambia kwamba maneno hayana kosa lolote, na neno "Tuma" lina herufi nne tu, linaenea popote penye nafasi ya mwavuli. Kuhusu picha ya jalada alimtazama tu, na Brennan akasema ameelewa.

Haya yote yaliingia kwenye ripoti. Gordon aliyawasilisha kwenye mkutano wa Chicago mwaka uliofuata kama safari ya kampuni kuelekea kumsikiliza mtumiaji, na kwenye skrini kubwa akaweka picha ya bibi mwenye meno mazuri anayecheka mbele ya kompyuta. Hakuwa Arlene. Walimnunua kwenye mtandao. Kampuni ilipewa kikombe cha kioo, na Arlene akapewa barua ya kumshukuru kwa kushiriki katika majaribio. Jina lake lilikosewa.

Mei wazee waliondoka. Padre Adamek alifika Kraków nusu siku nyuma ya kundi lake, bila mkoba, akakuta wamekwisha kusali rozari bila yeye na hakuna aliyeonekana kuathirika. Stella hakumngoja. Mahujaji wawili wa kiume walimbeba na kiti chake kumpandisha ngazi za watawa asubuhi ileile waliyotua.

Siku ya pili alimpigia Arlene ofisini, saa nne asubuhi ya Milwaukee kama alivyozoea. Alilalamika kwanza kuhusu kiti, kilikuwa karibu na choo kupita walivyokubaliana. Ndipo akasema Benigna alimtambua. Walishikana mikono tangu misa hadi chakula cha mchana, wakalia kidogo, halafu wakaanza kubishana kama mama yao alitia maziwa ya mgando kwenye unga wa pierogi, zile sambusa za kuchemsha za kwao, au hakutia, na Benigna, ambaye hajaketi tangu Kwaresima, alikuwa ameomba mito miwili ili abishane vizuri.

Arlene alimwuliza nani anashinda.

"Yeye," alisema Stella. "Nimemwacha ashinde leo. Kesho nitarudi."